Mjomba, Hivi Kovu Linafutika?

Dada yangu haandiki ujumbe. Anatuma sauti, na sauti zake ni ndefu: salamu kwanza, kisha mvua, kisha nani amefiwa na nani amejifungua. Jambo lenyewe lililomfanya ashike simu linakuja mwishoni kabisa, kama mgeni anayetaja shida yake akiwa ameshafika mlangoni. Safari hii lilikuja hivi: "Sasa mjomba, kuna kitu nilitaka kukuuliza. Wewe ndiye uliyepitia haya mambo. Hivi kovu linafutika?"

Alikuwa anamuulizia mwanawe. Miezi mitatu kabla ya hapo mtoto huyo wa miaka minne aliivuta sufuria ya uji iliyokuwa jikoni, uji ukamwagikia kiganja na mkono wa kulia mpaka karibu na kiwiko. Kidonda kilifunga. Lakini ngozi iliyokuja ni nene, inang'aa, inamwasha usiku kucha, na vidole viwili vya mwisho vimeanza kujikunja kuelekea kiganjani. Hilo la vidole dada alilipitia haraka. Kilichomkosesha usingizi ni sura ya mkono. Alikuwa ameona tangazo kwenye simu, la kliniki ya mjini inayofuta makovu kwa leza, lenye picha mbili mbili, kabla na baada, na bei iliyomfanya aanze kumtafutia mnunuzi ng'ombe wake wa maziwa. Ng'ombe huyo ndiye anayelipia daftari na sare za watoto wakubwa.

Sikumjibu siku hiyo. Nilimjibu baada ya siku tisa, na katika siku hizo tisa nilisoma. Jibu fupi nilikuwa nalo tangu utotoni, liko shingoni mwangu. Lakini "hapana" ya mjomba haiwezi kushindana na picha mbili zenye mwanga mzuri. Nilitaka kujua picha hizo zilianza lini.

Zilianza zamani kuliko nilivyodhani. Mwezi Oktoba 1794, jarida moja la London, Gentleman's Magazine, lilichapisha barua kutoka India pamoja na picha ya mtu aliyeitwa Cowasjee. Alikuwa mswaga ng'ombe wa kukokota mizigo katika jeshi la Waingereza, akatekwa katika vita vya mwaka 1792 na watu wa Tipu Sultan, wakamkata pua na mkono mmoja. Alikaa bila pua karibu mwaka mzima. Kisha mtu mmoja wa ukoo wa wafyatua matofali, karibu na Poona, akamtengenezea nyingine.

Namna alivyofanya ni ya kifundi kabisa. Alichukua nta nyembamba, akaifinyanga juu ya kisiki cha pua mpaka ikapata umbo. Akaitandaza nta ile juu ya paji la uso na kuchora mzunguko wake. Akachuna ngozi ya paji kwa kufuata mchoro, isipokuwa kipande kidogo katikati ya macho, ambacho alikiacha kimeshikilia ili damu iendelee kupita. Ngozi ile akaigeuza na kuiteremsha chini ikawa pua. Baada ya wiki chache, ilipokwisha kushika, akakata kile kipande cha kati. Matabibu wa Kiingereza waliokuwapo walitazama kwa mshangao, maana huko kwao hakuna aliyekuwa akifanya hivyo. Wahindi walikuwa na maarifa ya kujenga pua kwa ngozi tangu enzi za Sushruta, yaliyoandikwa kwa Kisanskriti karne nyingi kabla.

Nilichokuwa nakitafuta kilikuwa mwishoni mwa barua, kama kwa dada yangu. Mwandishi, baada ya kuisifu pua, anaongeza kwamba hata kovu la kwenye paji halionekani sana muda ukishapita. Miaka zaidi ya 230 imepita na ahadi bado ni ileile, karibu kwa maneno yaleyale. Na tazama anachokiri bila kutaka: pua imepatikana, na paji limepata kovu ambalo halikuwapo.

London barua ile haikusahauliwa. Daktari mmoja, Joseph Carpue, alijifunza njia hiyo kwa maiti, na mwaka 1814 akamfanyia ofisa mmoja wa jeshi aliyekuwa amepoteza pua. Hapakuwa na dawa ya usingizi. Etha ilikuja kuonyeshwa hadharani mwaka 1846. Ofisa huyo alikatwa paji akiwa macho, kwa hiari yake, akatoka na kovu jipya na pua. Alipiga hesabu, akaona inalipa.

Hesabu hiyo ndiyo nilianza kuiona kila nilipofungua ukurasa. Kisu kikishapita hadi tabaka la chini la ngozi, mwili hausuki tena ngozi ya mwanzo. Unaziba kwa nyuzi za kolajeni, nyingi na kwa haraka, zimelala upande mmoja, bila vinyweleo na bila vitundu vya jasho. Hakuna daktari aliyewahi kuushawishi ufanye vingine kwa mtu mzima. Kwa hiyo kazi yote ya watu hawa, tangu mfyatua matofali wa Poona, imekuwa ni kuchagua: kovu likae wapi, lielekee upande gani, na litavuta nini.

Lielekee upande gani: hapa kuna kisa ambacho nilikisoma mara mbili. Katika miaka ya 1830 daktari mkubwa wa Paris, Guillaume Dupuytren, aliitwa kumtazama mtu aliyejichoma kifuani kwa chuma chembamba cha mviringo kama msharasi wa fundi viatu. Dupuytren alitegemea kukuta matundu ya duara. Alikuta mipasuko mirefu, kama ya kisu. Mwaka 1861 huko Vienna, mwanaanatomia Karl Langer aliamua kulichunguza jambo hilo: akatoboa maiti kwa msharasi, tundu baada ya tundu, mwili mzima, akaunganisha mipasuko kwa mistari. Ngozi ikaonekana ina mkondo, kama mbao, kama khanga inavyochanika vizuri kwa upande mmoja na vibaya kwa upande mwingine. Ukikata kwa kufuata mkondo, kovu linakuwa jembamba. Ukikata kwa kuupinga, linatanuka. Madaktari wa leo wanaitumia mistari iliyorekebishwa kidogo kuliko ya Langer, lakini kila anayechagua pa kupitisha kisu usoni anafanya kazi yenye asili katika chumba kile cha maiti.

Karne hiyohiyo ilileta na ujanja wa herufi Z. Kovu linalovuta, tuseme la kwenye kiungo cha kidole, unalikata kwa urefu wake, kisha unaongeza mkato mmoja kila ncha, wa kuelekea upande tofauti. Zinatokea pembetatu mbili za ngozi. Unazibadilishana nafasi na kushona. Kovu lililokuwa limesimama sasa limelala, na ngozi imepata urefu ambao haukuwapo. Pembe zikiwa za nyuzi 60, kwenye karatasi urefu unaongezeka kwa asilimia 75. Hakuna ngozi iliyoletwa kutoka popote. Mama yangu, aliyeshona kwa cherehani maisha yake yote, nilipomchorea alitikisa kichwa akasema hiyo ni kazi ya makwapa ya gauni. Kovu baada ya hapo ni refu kuliko la mwanzo. Kidole kinanyooka.

Nitapita haraka kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia, ingawa vitabu vingi huanzia hapo. Harold Gillies, mzaliwa wa New Zealand, na wenzake katika hospitali ya Sidcup, Uingereza, iliyofunguliwa 1917, walifanya operesheni zaidi ya 11,000 kwa wanajeshi waliovunjwa nyuso. Mwaka huohuo, kwa baharia aliyeungua, Gillies aligundua kwamba kipande cha ngozi kinachohamishwa kikikunjwa na kushonwa kama mrija, hakikauki na hakiozi upesi. Mrija huo ulihamishwa mwilini hatua kwa hatua, wiki kwa wiki, kutoka kifuani hadi usoni. Picha zake ni ngumu kutazama. Zinahifadhiwa hadi leo.

Aliyenihusu mimi ni binamu yake, Archibald McIndoe, naye wa New Zealand, aliyezaliwa mwaka 1900. Vita vya Pili vilipoanza, alipelekwa kwenye hospitali ndogo ya mji wa East Grinstead, kusini mwa London, akaletewa marubani. Tangi la mafuta katika ndege za kivita lilikuwa mbele au ubavuni mwa rubani. Likipigwa, moto uliingia alipoketi, na ulikula kile ambacho hakikufunikwa: mikono na uso. Vijana wa miaka 20, 21, kope zimeondoka, vidole vimeshikana.

Tatizo la kwanza la McIndoe halikuwa moto. Lilikuwa dawa. Tangu mwaka 1925, kufuatia kazi ya daktari mmoja wa Detroit, Marekani, vidonda vya moto vilikuwa vikipakwa tanini, kitu kilekile kinachotolewa kwenye maganda ya miti ya miwati ya kule Njombe kwa ajili ya kusindika ngozi za ng'ombe. Tanini iliokoa watu wengi walioungua kifua au mgongo, kwa sababu ilifanya gamba gumu na kuzuia maji ya mwili yasipotee. Lakini kwenye mikono gamba lile lilibana kama kiatu cha chuma. Vidole viligeuka ndoano. Kwenye kope, macho yalibaki wazi. Watu waliokolewa na moto wakaharibiwa na matibabu yaliyokubalika katika kila hospitali ya jeshi.

McIndoe aligundua jambo jingine: marubani walioangukia baharini vidonda vyao vilikuwa laini na safi kuliko vya wale walioangukia nchi kavu. Maji ya chumvi. Akaacha tanini, akaweka mabafu ya maji ya chumvi ya uvuguvugu, akawapigia kelele wakubwa mpaka tanini ikakatazwa kwa mikono na nyuso. Kila niliposoma hapo nilimkumbuka bibi yetu, aliyenipaka dawa ya meno na unga siku niliyoungua, kwa nia njema kabisa, na jirani aliyempaka mtoto wa dada asali iliyochanganywa na majivu. Sisemi hivi kuwasuta. Tanini ilikuwa na maprofesa nyuma yake.

Richard Hillary alikuwa mmoja wa vijana wale. Ndege yake ilipigwa Septemba 1940, akaokolewa baharini, akapakwa tanini mikononi, na alipofika kwa McIndoe vidole vilikuwa vimejikunja. Alipewa kope mpya. Aliandika kitabu, kikatoka 1942, akawa mashuhuri, kisha akalazimisha arudishwe kurusha ndege kwa mikono isiyoweza kushika vizuri. Alianguka na kufa Januari 1943, na mwenzake aliyekuwa naye.

Wagonjwa wale walianzisha chama Julai 1941 na kukiita chama cha panya wa majaribio, maana walijua wanajaribiwa. Vita vilipoisha kilikuwa na wanachama 649. Mweka hazina wa kwanza walimchagua mwenye miguu iliyoungua, asije akatoroka na fedha. Katibu, mwenye vidole vilivyoungua, asije akaandika kumbukumbu ndefu. Wodini kulikuwa na pipa la bia. McIndoe alizunguka kwa wenyeji wa mji akiwaomba wawaalike vijana hawa nyumbani, wawatazame usoni, wasigeuke. Mji ukapata sifa ya mji usiokodoa macho. Hii ndiyo sehemu ya matibabu ambayo hakuna kliniki inayoiuza, na nadhani McIndoe aliijua thamani yake kuliko wasifu wake wengi wanaosimulia habari za kisu peke yake.

Sasa mlima. Mimi nimezaliwa Sanya Juu, upande wa magharibi wa Kilimanjaro. Mwaka 2000, nikiwa na miaka mitano, nilimwagikiwa maji ya moto shingoni. Kovu lilipokomaa lilinivuta kidevu mpaka kikakaribia kifua. Nilikuwa natazama watu kwa kuinua nyusi. Mdomo haukufunga vizuri, na shuleni waliniita kwa jina ambalo sitalirudia hapa. Mwaka 2002 mama alisikia kwamba kuna daktari bingwa anakuja kwa ndege ndogo kwenye hospitali moja ya misheni, atakaa wiki moja. Tulikwenda. Ninachokumbuka ni foleni ya watoto wenye midomo iliyopasuka, na harufu ya spiriti.

Daktari alilikata kovu kwa upana mpaka shingo ikarudi nyuma, akachuna ngozi nyembamba kwenye paja langu la kushoto, akaipandikiza pale palipokuwa wazi. Kazi hiyo ilichukua asubuhi moja. Iliyobaki ilikuwa ya mama: miezi kulala bila mto, kichwa kikining'inia kidogo, shingo imefungwa kola ya sponji na plasta mchana na usiku, kwa sababu ngozi iliyopandikizwa nayo hutaka kusinyaa. Nililia kila usiku. Mama hakuifungua.

Kwa miaka mingi nilidhani wale madaktari wa ndege walitoka tu mawinguni. Katika zile siku tisa nilijua walikotoka. Mwaka 1956, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, madaktari watatu walikaa wakapanga namna ya kuwafikia kwa ndege watu wa mbali wasio na mpasuaji. Mmoja alikuwa Michael Wood, Mwingereza aliyefanya kazi Nairobi, ambaye alikuwa amekwenda East Grinstead kujifunza. Wa pili alikuwa Tom Rees, Mmarekani, naye mwanafunzi wa East Grinstead, ambaye baadaye jina lake lilivuma New York kwa kunyoosha nyuso za matajiri. Wa tatu alikuwa McIndoe mwenyewe. Mwaka 1957 huduma ilianza, na ndiyo iliyokuja kuwa Amref. McIndoe alifariki 1960.

Niliinuka, nikaenda kujitazama kwenye kioo cha bafuni. Kiraka changu cha shingoni, cheusi kuliko ngozi inayokizunguka, kimepitia mikono ya vijana wale waliodondoka angani. Na kingo zake zina mishono yenye pembe, mahali fulani panaonekana kabisa herufi Z.

Lakini historia hii ilijengwa zaidi juu ya ngozi nyeupe, na ngozi yetu ina tabia yake. Kwenye kiraka changu ndevu hazioti, kwa hiyo nina ndevu za upande mmoja, na kinyozi wangu ameshazoea. Chini ya sikio, kwenye ukingo wa kiraka, kovu lilianza kukua nilipofika kidato cha tatu. Kwanza kama punje ya maharage. Hii ni keloidi: kovu lisilojua pa kuishia, linalovuka mipaka ya jeraha na kuendelea. Mwanzoni mwa karne ya 19 daktari wa ngozi wa Paris, Jean-Louis Alibert, alilifananisha na saratani, kisha akabadili jina akalipa linalotokana na Kigiriki, gando la kaa, kwa jinsi linavyotambaa pembeni. Huwapata watu wa kila rangi, ila wenye asili ya Afrika huwapata zaidi. Utayaona kwenye saluni yoyote ya kiume, vipele vigumu kisogoni mwa vijana wanaonyoa mpaka ngozi. Nayo ni ndugu ya jambo hilohilo.

Nikiwa na miaka 23 nililipeleka kwenye kliniki moja ya mjini. Walilikata kwa dakika 20, wakanipa plasta na risiti. Hakuna aliyenieleza kwamba keloidi ikikatwa tu, bila kitu kingine, mara nyingi hurudi, na hurudi kwa hasira. Kabla mwaka haujaisha lilikuwa kama kidole gumba. Nilikuwa na mchumba wakati huo. Nilianza kukaa upande wake wa kulia kila mahali, kwenye daladala, kanisani, mezani, mpaka siku moja akaniuliza kama upande wa kushoto una mtu.

Waliolijua hili kwa uchungu zaidi ni wanawake wa Hiroshima. Baada ya bomu la tarehe 6 Agosti 1945, majeraha ya moto ya wengi waliosalimika yaliota keloidi, na upasuaji wa miaka ya mwanzo mara nyingi uliishia kwa kuziona zikirudi. Mei 1955, wasichana 25 walipelekwa New York, hospitali ya Mount Sinai, kwa michango ya Wamarekani na juhudi za mchungaji Kiyoshi Tanimoto na mhariri Norman Cousins. Wiki ileile walipofika, wawili kati yao waliletwa kwenye kipindi cha televisheni. Waliketishwa nyuma ya pazia, watazamaji wakaona vivuli tu, ili nyuso zisionekane. Kwenye jukwaa hilohilo aliitwa mmoja wa marubani wa ndege iliyodondosha bomu, akapeana mkono na mchungaji.

Operesheni zilizidi 100. Madaktari, wakiongozwa na Arthur Barsky, walihangaika sana na vilivyokuwa vimekwama: vidole vilivyofungana, kope zisizofunga, viwiko, midomo. Nyuso zilibadilika, nyingine sana, nyingine kidogo. Mmoja wa wasichana alifariki Mei 1956 kwenye operesheni ambayo haikuwa kubwa, moyo ulisimama akiwa chini ya dawa ya usingizi. Wengine waliolewa, wengine hawakuolewa. Walikuwa wanalala kwenye nyumba za familia za Kimarekani, wakienda madukani na mabandeji usoni. Baadhi walikuja kusema kwamba hilo la kukaa na watu liliwasaidia kuliko kisu, na nikamkumbuka McIndoe akizunguka na mwaliko wake mlango kwa mlango.

Kuhusu keloidi, yaliyoongezeka tangu wakati huo si ya ajabu. Mionzi ilianza kujaribiwa mapema karne ya 20 na bado inatumika mara tu baada ya kukata. Sindano za steroidi ndani ya kovu, tangu miaka ya 1960. Nguo za kubana kwa majeraha ya moto, kutoka hospitali ya watoto ya Galveston, Texas, miaka ya 1970: mtoto anavaa karibu saa 23 kwa siku, mwaka au zaidi. Karatasi za silikoni, miaka ya 1980. Leza ikafuata, nayo inasaidia kweli baadhi ya makovu kulainika na kupungua wekundu, ila kwa ngozi nyeusi inataka mkono wa anayejua, maana ikikosewa inaacha mabaka. Mimi nilipata sindano, kila baada ya wiki nne, kwa mwaka mmoja. Zinauma kuliko upasuaji. Kovu limelala, si kubwa kuliko lile la kidato cha tatu.

Nilipokuwa nadungwa, pembeni yangu kliniki alikuwa anakaa bibi mmoja wa Kimakonde, amemleta mjukuu. Usoni mwake alikuwa na nembo, mistari ya pembe iliyochanjwa na kupakwa mkaa alipokuwa msichana, imetulia kama imechorwa jana. Alinitazama shingo bila haraka yoyote. Akaniuliza nani aliyenichanja vibaya hivyo.

Siku ya tisa nilimpigia dada badala ya kutuma sauti. Nilimwambia asiuze ng'ombe. Nilimwambia leza inaweza kungoja hata miaka mitano, vidole haviwezi. Kila mwezi vinavyokaa vimejikunja, viungo navyo vinajifunza kukunjika, na mtoto anakua lakini kovu halikui naye. Ampeleke hospitali ya rufaa wiki hii, aulize mpasuaji na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na kama watampa kibao cha kufunga mkono usiku, amfunge hata akilia. Kimya kidogo. Kisha akauliza, "Na alama?" Nikamwambia atakuwa nayo. Ikibidi kupandikizwa, atakuwa na nyingine mahali watakapochuna.

"Nitumie picha yako," akasema. "Nataka kuona ikishakuwa ya zamani inakuwaje."

Dada yangu alikuwa shule ya bweni nilipopasuliwa, na tangu nipate akili za kujificha nimevaa kola ndefu. Nilisimama karibu na dirisha nikapiga shingo, pande zote mbili, na lile gumba chini ya sikio. Halafu nikakaa kitandani, nikapandisha bukta, nikapiga na paja: mstatili uliofifia, mpana kama kiganja cha mtu mzima. Nikatuma zote.

Sauti yake ilikuja usiku. Mvua imeanza, mahindi ya mama yamelala kwa upepo, mchungaji amehamishwa, Jumatano watapanda basi la saa kumi na mbili kwenda hospitali na tayari ameomba ruhusa kazini. Mtoto anasalimia. Halafu, karibu na kukata: "Ila hilo la pajani hukuwahi kutuambia."